Kalenda ya Mvua na Kalenda ya Bajeti

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa kamati za wadi na vikundi vya wakulima, kabla ya mvua ya vuli



Najua wengi wenu mmeacha kazi shambani, kwa hivyo sitawaweka sana. Sikuja kuwafundisha kilimo. Hapa mbele yangu wameketi wazee waliopanda na kuvuna, na miaka mingine wakapanda bila kuvuna, tangu kabla sijazaliwa. Kazi yangu katika kaunti ni habari: matangazo, picha, na lile jarida mnalosoma. Lakini kuna mahali ambapo kazi yangu na shamba lako hukutana, na nitaanza kwa kuwaeleza kosa langu mwenyewe.

Mwaka mmoja niliandika tangazo la kuwaalika wananchi kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti. Niliandika kwa Kiingereza safi, likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wadi na kuwekwa kwenye tovuti. Kisheria, tulikuwa tumetangaza. Siku ya mkutano walikuja watu wachache, karibu wote kutoka sokoni. Waliomba walichohitaji, taa za barabarani na vyoo vya soko, na hilo si kosa lao.

Miezi michache baadaye, wakati wa kiangazi, nilipanda mlimani kupiga picha za akina mama waliokuwa wakichimba matuta. Mmoja wao aliniuliza kwa nini kikundi chao hakijawahi kupata hata toroli moja kutoka kwa kaunti. Nikamjibu kwamba mkutano wa bajeti ulifanyika na kila mtu alialikwa. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ofisi mimi huipita mara moja kwa mwezi nikienda kliniki. Na siku mliyokutana, sisi tulikuwa tunapanda."

Niliangalia tarehe. Alisema kweli. Tulikuwa tumeita mkutano katika wiki ya kwanza ya masika.

Kwa hivyo jambo langu leo ni hili. Mkulima anayetegemea mvua anaishi kwa kalenda mbili: ya mvua na ya bajeti. Hiyo ya pili hatukumfunza kuisoma. Kikundi kinachoijua kalenda moja tu, hata kikifanya kazi kwa bidii namna gani, kitachelewa kila mwaka.

Tuanze na kalenda ya mvua, ambayo mnaijua kunishinda. Tuna misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kwetu Ukambani, vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi. Inafuatana kwa karibu na joto la maji ya Bahari ya Hindi na mabadiliko ya Bahari ya Pasifiki, yale tunayoyaita El Niño na La Niña, ndiyo maana wataalamu huweza kuitabiri vizuri kuliko masika. Lakini kutabiri si kuahidi. Kuanzia vuli ya 2020 misimu mitano ilifuatana ikiwa na mvua haba katika maeneo mengi kame ya nchi yetu. Kisha vuli ya 2023 ikaja na mafuriko. Shamba lilelile, mkulima yuleyule, miaka michache tu kati ya ukame na mafuriko.

Utabiri ukisema mvua itakuwa juu ya wastani, hausemi itanyesha kila wiki. Maana yake ni kwamba uwezekano wa msimu kuwa na mvua nyingi ni mkubwa kuliko uwezekano wa kuwa na mvua haba. Mvua yote inaweza kuja kwa siku chache na kufuatwa na jua la wiki tatu. Mahindi yakikosa maji wakati yanapotoa mbelewele, mvua ya baadaye hairudishi kilichopotea. Ndiyo sababu watafiti wa kituo cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, walizalisha mahindi yanayokomaa mapema, na ndiyo sababu maafisa wa ugani hawachoki kuwahimiza kupanda mtama, ndengu, kunde na mbaazi. Mbegu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha maji yaliyoanguka shambani kwako yanabaki shambani kwako.

Hapo ndipo matuta yanapoingia. Vijana walio hapa huenda hawajui kwamba maneno yetu mawili, "fanya juu", yameandikwa katika vitabu vya kilimo duniani kote. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu. Mvua ikinyesha, maji yanakamatwa, udongo unajikusanya nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa mteremko unageuka kuwa ngazi. Tuta unalipanda nyasi ili lisibomoke, na ng'ombe anapata chakula.

Historia ya matuta haya ina funzo kwa serikali na kwa wananchi pia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuchukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, ikisema mifugo ni mingi kuliko nyasi na ndiyo inayoharibu udongo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, hakuna anayebisha. Lakini wenye ng'ombe hawakuulizwa. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kumwona gavana. Baadaye alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini ule mpango wa kunyang'anya mifugo ulisimamishwa. Hata matuta yalichimbwa kwa amri, na watu wengi wakayachukia kwa sababu ya amri hiyo. Uhuru ulipokaribia, mengi yaliachwa yakabomoka.

Kisha watu walewale, milima ileile, wakarudi kuchimba kwa hiari. Walichimba kupitia mwethya, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kuanzia 1974 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Sweden, ikaongeza mafunzo na zana. Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichunguza wilaya ya zamani ya Machakos, wakati huo ikiwa pamoja na Makueni, na mwaka 1994 wakachapisha walichokiona. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu ilipanda kutoka takriban 240,000 hadi takriban milioni 1.4. Watu waliongezeka, lakini mmomonyoko ulipungua.

Sera bila watu ilishindwa mwaka 1938. Je, watu bila sera? Wengine husema, "Tuachieni mwethya wetu, serikali haituhusu." Naelewa hasira hiyo, lakini nipeni nafasi ya kutoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni maji ya barabara. Trekta la kaunti linapita, barabara inasawazishwa, mtaro unachongwa kando, na maji yote ya kilomita moja yanaelekezwa kwenye shamba la mtu mmoja. Misimu miwili baadaye shamba lile lina korongo ambalo ng'ombe hawezi kulivuka. Matuta yake hayawezi kuyazuia maji ya mlima mzima. Kikundi hakiwezi kukata barabara ya umma. Lakini mhandisi akikaa na wakulima kabla ya kazi kuanza, maji yaleyale yanaweza kugawanywa kwa michirizi mingi midogo na kuelekezwa kwenye matuta na silanga za mashamba. Huko Kitui na Makueni kazi ya namna hiyo imefanyika. Gharama ya ziada ni ndogo, lakini lazima iandikwe kwenye mpango kabla trekta halijawasha injini.

Mfano wa pili ni mabwawa ya mchanga. Ukuta unajengwa kukatiza mto wa msimu. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanahifadhiwa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Kiangazi watu wanachimba kidogo na kuteka. Vikundi vyetu vimejenga mabwawa haya kwa mikono, mawe na jasho. Lakini lori likija usiku na kubeba mchanga, kikundi kitafanya nini? Kulizuia lori kwa jembe? Watu wameumia katika mito ya Ukambani kwa ajili ya mchanga. Wenzetu wa Makueni mwaka 2015 walipitisha sheria ya kaunti ya kuhifadhi na kutumia mchanga, inayoeleza nani anaweza kuvuna na wapi. Sheria haimalizi wizi siku moja, lakini inampa mzee wa kijiji na askari kitu cha kusimamia.

Mwaka huohuo wa 2015 Makueni waliweka kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi, wakaahidi asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na wakaunda kamati za wadi zinazochaguliwa na wananchi ili zipendekeze miradi. Isiolo, Wajir, Garissa na Kitui pia walijaribu njia hiyo. Leo mpango wa kitaifa unaoitwa FLLoCA umeisambaza katika kaunti nyingine. Ninyi mlioketi safu hizi mbili za mbele, wanakamati wa wadi, mko hapo kwa sababu hiyo. Hamkuchaguliwa kuja kula mandazi na kusaini daftari. Mmechaguliwa ili ile kazi ya mwethya ipate njia ya kufika kwenye bajeti.

Sasa tuje kwenye kalenda ya pili. Naomba mwenye kalamu aandike.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka kilimo mikononi mwa kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ikaweka tarehe. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwe umefikishwa kwenye Bunge la Kaunti. Kufikia Februari 28, taarifa ya mkakati wa fedha inafikishwa bungeni, na hapo ndipo viwango vya kila idara vinapowekwa. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanafika, na mwisho wa Juni yanapitishwa.

Ziwekeni tarehe hizo juu ya kalenda ya mvua. Agosti, mpango unapoandikwa, ninyi mnatayarisha mashamba na kuchimba matuta. Februari, viwango vinapowekwa, mmetoka tu kuvuna mazao ya vuli na mnatafuta soko. Aprili, makadirio yanapojadiliwa, mnapanda na kupalilia. Kila mara serikali inapofungua mlango, ninyi mna jembe mkononi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo kwa ubaya, lakini matokeo yake ndiyo hayo: sauti inayosikika ni ya mtu asiye na shamba.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo nawaomba mliweke moyoni. Mpango unaofikishwa bungeni Septemba hauhusu vuli iliyo mlangoni. Unahusu mwaka wa fedha utakaoanza Julai ijayo. Maana yake, mradi unaoandikwa Agosti hii, vuli ya kwanza utakayoihudumia ni ya mwaka ujao, ikiwa zabuni hazikuchelewa. Kikundi kikija ofisini Oktoba, mawingu yameshajikusanya, kuomba zana za matuta au ukuta wa bwawa la mwaka huu, afisa atakayewaambia "hakuna fedha" huenda hasemi uongo. Fedha za vuli hii zilipangwa mwaka jana. Basi tujifunze kuomba vuli hii kwa ajili ya vuli ijayo.

Tuombe vipi? Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili au Kikamba. Nimeketi na maafisa wa mipango, na haya ndiyo wanayotafuta wanapopitia maombi. Kwanza, tatizo ni lipi na liko wapi hasa: taja mto, kijiji na njia. Pili, ni nyumba ngapi zitafaidika. Tatu, ardhi ni ya nani, na je, mwenyewe amekubali kwa maandishi? Bwawa la mchanga lina kingo mbili, na mara nyingi kingo hizo zina wenyewe wawili. Miradi mingi mizuri hufia hapo. Nne, kikundi kitachangia nini: mawe, mchanga, siku za kazi? Tano, nani atautunza mradi baada ya mkandarasi kuondoka? Sita, kazi lazima imalizike mwezi gani ili mvua isiukute ukuta nusu. Hili la sita mara nyingi halipo kwenye karatasi za ofisini, na ninyi ndio mnalijua.

Ambatisheni kumbukumbu za kikao, na majina ya waliohudhuria. Nawaomba wazee wanisamehe kwa hili: hakikisheni majina ya akina mama yamo, na si kwenye orodha ya wapishi. Wengi wanaochimba matuta ni wao. Wakikosa kusema ni mteremko upi unaobomoka, tutajenga mahali pasipo na shida.

Bajeti ikishapitishwa, msiende kulala. Ulizeni orodha ya miradi ya wadi yenu. Ulizeni gharama na vipimo vya ukuta, ili mjue kama kilichojengwa ndicho kilicholipiwa. Hii si fadhila. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ombi lako ndani ya siku 21. Kama ni habari na hujui pa kuanzia, anza na ofisi yangu. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya.

Siwezi kuwaahidi fedha. Mimi si waziri wa fedha wa kaunti, na hata yeye hawezi kuahidi bila bunge. Wala siwezi kuwaahidi mvua. Ninachoweza kuahidi ni kile kilicho mikononi mwangu. Matangazo ya mikutano ya bajeti yatatolewa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kikamba. Yatasomwa kanisani, msikitini, kwenye baraza la chifu na kwenye redio mnazosikiliza mkipalilia, na hayatakaa tu kwenye ubao wa ofisi. Na kabla ya kupendekeza tarehe ya mkutano, nitamuuliza afisa wa ugani wa wadi kama ni wiki ya kupanda. Nikikosea tena, nipigieni simu.

Kwenu nina ombi moja. Kabla ya kuondoka hapa leo, kila kikundi kimtaje mtu mmoja wa kushika kalenda ya bajeti. Asiwe lazima mwenyekiti. Awe mtu anayejua kusoma, anayeaminika, na asiyeogopa kuuliza swali mara ya pili. Kazi yake ni kuwakumbusha wenzake mwezi mmoja kabla ya kila tarehe niliyoitaja. Orodha ya majina naomba niipate kutoka kwa karani wa wadi kabla hatujatawanyika.

Yule mama wa mlimani, msimu uliofuata, alikuja kwenye mkutano na wenzake wanne. Waliketi nyuma. Walikuwa na karatasi moja iliyoandikwa na binti wa mmoja wao aliye kidato cha tatu. Waliomba toroli, sururu, kamba na pima maji ya kupimia usawa wa matuta, na mhandisi aje kuangalia mtaro wa barabara uliokuwa ukimwaga maji juu ya shamba la jirani yao mjane. Hawakupata kila kitu. Zana waliandikiwa kwenye mpango wa mwaka uliofuata. Mhandisi alikuja, kwa sababu kuja kwake hakukuhitaji bajeti mpya, na ule mtaro ukageuzwa kabla ya mvua kuanza.

Nilipokwenda kupiga picha tena, maji ya barabara yalikuwa yameingia kwenye matuta matatu badala ya kupita katikati ya shamba. Mbaazi za yule mjane zilikuwa zimesimama. Mama akaniambia nipige picha ya mtaro, nisimpige yeye. Picha hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye jarida.